Kuvizia na Kunyatia: Kiswahili cha Msasi wa Kimarekani

Katika mazungumzo ya walimu baada ya masomo liliulizwa swali ambalo siku ile halikupata jibu. Je, mwalimu wa Kiswahili ana haja gani na kitabu cha Kiingereza kilichoandikwa na Mmarekani aliyekuja kwetu kuua wanyama? Kitabu chenyewe ni Green Hills of Africa cha Ernest Hemingway, kilichotolewa mwaka 1935. Aliyeuliza ni mwenzetu kijana, naye hakuuliza kwa kutaka kujua, bali kwa kukataa. Nimekisoma tena kwa ajili yake, na haya ndiyo niliyoyaona, ijapokuwa sidhani yatamridhisha yote.

Mwishoni mwa 1933 Hemingway alifika Afrika ya Mashariki pamoja na mkewe Pauline na rafiki yao mmoja, wakaingia Tanganyika, iliyokuwa chini ya Waingereza wakati huo, wakawinda hadi mapema 1934. Kiongozi wao alikuwa Philip Percival, mwindaji mashuhuri wa Kenya, ambaye kitabuni anaitwa Pop. Rafiki yao amepewa jina la Karl. Katika dibaji mwandishi anatoa ahadi kubwa: kwamba amejaribu kuandika kitabu cha kweli tupu, ili aone kama sura ya nchi na matendo ya mwezi mmoja, yakisemwa kama yalivyokuwa, yaweza kushindana na hadithi ya kubuni. Ahadi hiyo ndiyo mizani nitakayoitumia, maana kila mtu ana haki ya kupimwa kwa mizani aliyoileta mwenyewe.

Sifa kwanza. Kitabu kinaanza kwa kuvizia, na kilele chake ni kunyatia. Wasomaji wetu hawahitaji kuelezwa tofauti ya maneno hayo, lakini wanafunzi aghalabu huyachanganya. Mwenye kuvizia hukaa mahali pamoja akamngoja mnyama aje. Mwenye kunyatia humwendea mnyama alipo, kwa hatua nyepesi, uso wake ukikabili upepo ili harufu yake ibaki nyuma. Basi mwanzoni mwa kitabu wawindaji wamejificha katika kibanda cha matawi karibu na mahali pa chumvichumvi, ambapo tandala hujia kulamba udongo. Jua linakuchwa. Ghafla lori linapita barabarani kwa kishindo, na windo la siku nzima linaharibika. Mwishoni Hemingway ameliacha gari nyuma, anatembea kwa miguu katika nchi ngeni kwake pamoja na wenyeji wanaoijua, na huko ndiko anakowapata tandala madume wawili jioni moja. Tangu kungoja hadi kwenda, tangu gari hadi miguu: huo ndio mjengo wa kitabu kizima, na umejengwa bila kutangazwa.

Sehemu za kutembea ni bora kuliko zote. Mwandishi anajua kwamba katika nyika kavu jani moja likivunjika chini ya kiatu latosha kumpotezea mtu kazi ya saa tatu. Anajua vilevile kwamba macho ya mfuata nyayo huona kitu ambacho macho yake mwenyewe hayakioni, naye hakubali tu kwa shingo upande, anafurahi kukikubali. Yule anayemwita Droopy, kwa sababu ya kope zake zilizolegea, anasifiwa kwa jinsi anavyokwenda na anavyotazama chini. Sisi tuliokulia mahali ambapo wazee waliwinda tunazijua sifa hizo, na tunaona kwamba hazikutiwa chumvi.

Sasa nije kwenye lugha, maana hapo ndipo ugomvi wangu na kitabu unapoanza. Kiswahili kimetapakaa ndani yake, nacho kimeandikwa kama kilivyoingia katika sikio la mgeni. Dume ni doumi. Tandala ni tendalla. Jike, ama tuseme mnyama wa kike, ni manamouki, yaani mwanamke! Mchukuzi mkuu wa bunduki anaitwa M'Cola, na sijui ni Mswahili gani awezaye kulitamka jina hilo hivyo lilivyoandikwa. Mwenzetu kijana alicheka sana kwa manamouki. Mimi sikucheka, wala sikumlaumu mwandishi. Hakulibuni neno hilo. Alilisikia kambini, kwa watu waliokuwa wakisemezana na mabwana zao kwa Kiswahili kile kilichokuja kuitwa Kisetla, ambacho mwanamke ni mwanamke, awe wa binadamu au wa palahala. Ameandika alichosikia, na kwa hiyo kitabu hiki ni ushahidi wa namna lugha ilivyosemwa kambini miaka ya 1930. Sisi wa nchi za jirani, ambao Kiswahili chetu wenye pwani hukisikia na kutabasamu, tusiwe wepesi wa kucheka cha wengine.

Lawama yangu ni nyingine. Yuko mhusika ambaye mwandishi na mkewe wamempachika jina la Garrick, yaani David Garrick, mwigizaji wa Uingereza wa karne ya 18, kwa sababu hawezi kusema neno bila kulifanyia mchezo wa mikono na uso. Tangu ukurasa wa kwanza hadi karibu na wa mwisho Garrick huyu ni kichekesho na kero. Anasema mno, anajisifu, anajionyesha mbele ya watu. Yamkini alikuwa hivyo. Watu wa namna hiyo wapo, nami nimefundisha pamoja na wawili au watatu. Lakini hebu msomaji ajiulize: mwindaji huyu mwenyeji angezungumzaje na mtu asiyemwelewa, kama si kwa mikono na uso? Aliyekuwa na maneno machache pale si Garrick. Ni Hemingway. Mwenye lugha amefanywa mwigizaji kwa sababu msikilizaji wake hana lugha, kisha akachekwa kwa kuigiza. Hata lile lori la mwanzo lilipopita, ni yeye aliyesimama kibandani na kuonyesha kwamba windo limekwisha. Ilikuwa kweli. Windo lilikuwa limekwisha. Mwandishi anayakumbuka maringo ya kusimama kwake kuliko ukweli wa maneno yake.

Kwa mizani ya kweli tupu, basi, kitabu kimepungukiwa hapa. Droopy anapendwa na ni mtu wa maneno machache. Garrick anachukiwa na ni msemaji. M'Cola naye anapendwa hasa kwa kicheko chake, na kwa kule kumtazama bwana wake akikosa shabaha bila kusema neno. Unaanza kushuku kwamba katika kitabu hiki Mwafrika mwema ni yule aliye kimya. Simwiti mwandishi mtu mbaya kwa sababu hiyo. Nasema kwamba sikio lake lilichoka mapema, na kwamba mtu akichoka kusikiliza hudhani msemaji ndiye mwenye kosa.

Charo, mchukuzi wa bunduki ya mke wa mwandishi, anaponea chupuchupu. Ni mfupi, Mwislamu mwenye kushika dini, na safari ile iliangukia mwezi wa Ramadhani. Mwandishi anaeleza jinsi mtu huyu alivyojizuia mchana kutwa asimeze hata mate, huku akitembea juani na bunduki begani. Mistari michache tu, lakini ndani yake yumo mtu mzima. Natamani angeandika hivyo mara nyingi zaidi.

Nilitaja lori lililoharibu windo. Lilikuwa la Mwaustria anayeitwa Kandisky kitabuni, nalo lilikuja kuharibika njiani, akakaribishwa kambini. Hapo ndipo yanapofuata yale mazungumzo marefu juu ya fasihi ya Marekani ambayo wahakiki wa Ulaya na Marekani huyanukuu kuliko sehemu nyingine yoyote. Kandisky anajaribu pia kumweleza mwenyeji wake habari za ngoma na desturi za wananchi alizokuwa akizichunguza. Mwenyeji hana shauku nazo, anataka tandala. Mtu huyu wa kweli aliitwa Hans Koritschoner, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Hans Cory, akawa mwanasosholojia wa serikali ya Tanganyika, akaandika juu ya sheria za kimila za Wahaya na za Wasukuma, na akatoa mkusanyo wa mashairi ya Kiswahili uitwao Sikilizeni Mashairi. Yaani usiku ule, kando ya moto, Hemingway aliketi na mtu ambaye angeweza kumwonyesha kwamba lugha ya wachukuzi wake wa bunduki ilikuwa na washairi. Wakazungumza juu ya waandishi wa Ulaya.

Hata hivyo siwezi kukifunga kitabu kwa hasira, kwa ajili ya palahala. Baada ya furaha ya tandala wawili mwandishi anampiga palahala jike akidhani ni dume, kisha anamjeruhi dume vibaya na kumpoteza. Wanafuata matone ya damu hadi yanakauka na nyayo zinapotea katika ardhi ngumu. Hajitetei. Anakumbuka jinsi alivyolala hospitalini zamani na mkono uliovunjika, akawaza maumivu ya wanyama aliowajeruhi. Akirudi kambini anakuta Karl, asiyejua kunyatia vizuri kama yeye, amepata tandala mwenye pembe kubwa kuliko zake zote mbili. Na wivu wake anauandika wazi. Mtu mwongo angekata kurasa hizo.

Ndiyo maana nakitumia darasani, kwa kurasa chache tu nilizozifasiri mwenyewe. Nawasomea wanafunzi wa mwaka wa mwisho habari ya Garrick, kisha nawaambia waandike kwa Kiswahili yale aliyokuwa akiyasema wakati mgeni alipoona mikono tu. Wengi huandika matusi, na matusi yao mengine ni ya ufundi. Msichana mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi darasani kwa sababu wenzake huicheka lafudhi yake, alileta mistari minne. Katika mistari hiyo Garrick anamwambia bwana kwamba upepo umegeuka, kwamba wasogee upande wa mto mkavu, na kwamba ameshamwambia hivyo mara tatu.