Mkono Husema Uso Unaponyamaza

Mwaka 1484, katika mji wa Nuremberg, mtoto wa sonara aliketi mbele ya kioo akajichora kwa kalamu yenye ncha ya fedha, kalamu ambayo mstari wake haufutiki. Albrecht Dürer alikuwa na miaka 13. Mashavu bado ni ya kitoto na macho yanatazama pembeni. Kidole kimoja kimenyooshwa mbele; mkono wa pili umezama ndani ya nguo, na huenda ndio uliokuwa kazini.

Katika picha ambazo wachoraji wa Renesansi walijichora wenyewe, ni nadra kuona meno. Midomo imefumbwa, macho yametulia. Anayetafuta furaha au huzuni usoni peke yake huambulia kidogo. Msomaji stadi wa picha hizi hushusha macho hadi mikononi, kisha huurudia uso.

Dürer wa mwaka 1500, anayehifadhiwa Munich, anaonyesha faida ya subira hiyo. Amekabili mtazamaji uso kwa uso, kama Yesu alivyozoeleka kuchorwa zama hizo, na nywele zinashuka mabegani msokoto kwa msokoto. Mwenye haraka atasema ni majivuno tu. Lakini vidole vimeshika manyoya ya kola na kuyabana polepole, kama vya mteja anayepima kitambaa dukani. Fahari ipo, na pamoja nayo yupo mtu anayetaka kuhakikisha kwamba hadhi hiyo ni yake kweli.

Parmigianino alikwenda mbali zaidi. Karibu mwaka 1524, akiwa na miaka 21 hivi, alijitazama katika kioo kilichobinuka na kujichora juu ya ubao wenye mbinuko uleule, wenye upana wa sentimita 24 tu. Uso ni mtulivu mno. Mkono, uliokuwa karibu na kioo, umetanda mbele yake, mkubwa kupita kiasi. Kijana huyu alijua riziki yake inatoka wapi.

Naye Sofonisba Anguissola wa Cremona, mwaka 1556, amegeuka kumtazama anayemtazama, brashi ikiwa bado juu ya picha ya Bikira Maria na Mwana. Mavazi ni meusi, hayana makuu. Katika enzi iliyowafungia wanawake milango mingi ya sanaa, mkono wake umetulia kabisa.

Atakayekutana na picha hizi, hata kitabuni, asikimbilie macho. Aanze na vidole.