Mlango Mwembamba: Kimaasai na Masharti ya Kuingia Chuo Kikuu

Katika mijadala ya lugha za Kiafrika, aghalabu hudaiwa kwamba lugha ndogo hazifundishwi vyuoni kwa kuwa hazina maandishi wala wanafunzi. Hali ya Kimaasai katika Kajiado yaonyesha kwamba kizuizi chenyewe kiko kwingine.

Kuhusu maandishi, sarufi ya A. N. Tucker na J. Tompo ole Mpaayei ilichapishwa mwaka 1955. Kamusi ya Frans Mol ikafuata 1978, na mkusanyo wa fasihi simulizi wa Naomi Kipury 1983. Sifa kuu ya sarufi hiyo ni kuipa toni hadhi inayostahili. Katika Kimaasai kitenzi hutangulia, na toni ya nomino ndiyo inayomtofautisha mtenda na mtendwa. Jinsia nayo huzaa maana: enkeju ni mguu, olkeju ni mto, na jina la Kajiado lenyewe hufasiriwa kuwa 'mto mrefu'. Mambo haya yatosha kuwa msingi wa shahada. Upungufu wa kitabu ni kwamba maelezo yake ni ya Kiingereza, hivyo mzawa huifikia sarufi yake kwa kuzunguka.

Kuhusu wanafunzi, sensa ya 2019 ilihesabu Wamaasai 1,189,522 nchini Kenya. Wasorbi wa mashariki mwa Ujerumani hukadiriwa kuwa 60,000 tu, lakini Chuo Kikuu cha Leipzig kina taasisi ya lugha na utamaduni wao tangu 1951. Tofauti haimo katika idadi. Mjini Bautzen iko shule ya sekondari ambamo Kisorbi hufundishwa hadi mtihani wa mwisho. Chuo kikuu hupokea kilichokwisha kuandaliwa.

Nchini Kenya ngazi hiyo imekosekana. Katika mtihani wa kidato cha nne ulioanza 1989, kijana wa Kajiado aweza kujipatia alama kwa Kifaransa, Kijerumani au Kiarabu, wala si kwa Kimaasai. Kisha huingia katika ushindani wa nafasi za shahada, ambako wastani wa C+ na alama za masomo teule hupima kila kitu isipokuwa umilisi huo.

Kitengela lina uzito zaidi. Nchi ya malisho ya Wakaputiei imekuwa mji wa wahamiaji, wenye watu 154,436 mwaka 2019. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike katika madarasa ya chini. Penye mchanganyiko wa makabila, Kiswahili ndicho hushika nafasi hiyo. Kiswahili hakina hatia. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakifanya lugha ya taifa, na papo hapo kinaitaka Serikali kulinda lugha nyingine.

Mwongozo wa mtaala wa 2017 umezitaja lugha za kiasili hata miongoni mwa masomo ya sekondari ya juu. Lakini somo halisimami bila mwalimu. Mwalimu hutoka chuoni, na chuo nacho husubiri watahiniwa. Duara hili halitavunjwa na shule. Ni wajibu wa idara za lugha kumpima mwombaji kwa mtihani wao wenyewe wa Kimaasai, wa kusema na wa kuandika, na kuihesabu alama hiyo sawa na ya Kijerumani. Bila hatua hiyo, sarufi ya 1955 itaendelea kusomwa zaidi na wageni kuliko wenye lugha.