Fumba Macho Kwanza

Nimechoka kusikia "picha kali". Juzi, kwenye maonyesho ya filamu fupi za wanafunzi wa sanaa hapa Dar es Salaam, ukumbi mzima ulisimama kupigia makofi kazi ya vijana watano walioazima droni. Dakika tatu nzima tulizungushwa juu ya Daraja la Tanzanite jua likizama. Jaji mmoja akatamka kwamba vijana wamefikia kiwango cha kimataifa. Mimi nilikaa jirani na spika. Nilichosikia ni msichana anaachwa na mchumba wake huku feni ikija na kuondoka. Msichana akisema, feni ipo. Mchumba akijibu, feni haipo. Feni gani hiyo inayochagua wa kumpepea?

Kwa faida ya majaji wa mwakani, naandika.

Kwanza, mambo madogo. Filamu inayoanza na saa ya kuamsha, mtu akapiga miayo, akapiga mswaki, hiyo imekwisha. Toka nje ukanunue maji. Inayoishia na mhusika kuamka na kugundua alikuwa anaota, usiwasalimie walioitengeneza kwa wiki moja. Ikizidi dakika 12, ujue hakuna aliyethubutu kukata sini ya rafiki yake. Kwa nini 12? Kwa sababu 13 ni nyingi. Bastola hairuhusiwi. Waigizaji wakiwa mezani, wali umezwe. Anayechezea kijiko sahani nzima ikabaki ilivyo, haigizi, anasubiri zamu yake ya kusema. Na jina moja likijitokeza mwishoni kama mtunzi, dairekta, mhariri na mwigizaji mkuu, hao wengine hawakuwa wenzake, walikuwa wabeba stendi.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, ambalo mpenzi wa picha kali halioni kwa sababu halionekani: kimya.

Kila mahali pana kimya chake. Cha chumba cha Sinza chenye friji si cha chumba cha Kigamboni chenye dirisha la nyavu. Ukiediti mazungumzo unakata maneno, na kati ya neno na neno unabaki upenyo. Usipoujaza, sikio linadondokea humo. Mtazamaji hatasema "sauti imekatika". Atasema tu kwamba filamu haikumgusa, kisha atamlaumu mwigizaji. Dawa yake haigharimu hata shilingi. Sini ikiisha, kabla mtu hajasogeza kiti, kabla aliyevaa gauni la kuazima hajalivua, dairekta anaomba wote wabaki walipo. Maiki ile ile, mahali pale pale. Kinasa sauti kinaendelea kwa nusu dakika, na ikiwezekana dakika nzima, mkiwa bado mmo ndani, maana miili nayo hubadilisha sauti ya chumba. Kimya hicho ndicho kinachotandikwa chini ya mazungumzo yote kwenye taimulaini.

Hapo ndipo ninapowapimia marafiki wanaotengeneza filamu pamoja. Fedha hawana, kwa hiyo sipimi kamera. Taa wameazima, sipimi taa. Walicho nacho tele ni muda na wao wenyewe. Kundi lisiloweza kunyamaza pamoja nusu dakika, bila wa kucheka wala wa kuchungulia simu, bado ni kijiwe chenye kamera.

Fundi niliyejifunza kwake kurekodi alikuwa haingii lokesheni bila kuuliza friji liko wapi. Analizima, kisha anaweka funguo za pikipiki yake ndani ya friji hilo. Vijana walimcheka, wakamwona mzee ana vituko. Lakini asingeweza kuondoka bila kufungua friji, na akilifungua anakumbuka kuliwasha. Hajawahi kumwozeshea mtu samaki, na hajawahi kurudi na mngurumo kwenye mazungumzo.

Wadanganyifu nao wana mbinu zao. Wa kwanza humwaga piano ya huzuni kila penye upenyo. Ukisikia piano mtu anapofungua geti, kuna kitu kimefichwa. Wa pili hurudia maneno nyumbani, amejifunika blanketi, kisha tunamwona anafoka ufukweni Coco kwa sauti ya kabatini. Wa tatu ndiye ninayemwogopa, kwa sababu ana akili: anapakua kimya cha watu wengine kwenye intaneti. Nimewahi kuona wapenzi wakiagana chini ya mbuyu kule Kaole, Bagamoyo, juu yao wanaimba ndege wa msituni Ulaya. Ukumbi ulipumua kwa raha. Na Dar ndiyo kabisa: filamu ya mchana isiyo na kunguru hata mmoja haikurekodiwa Dar, hata ukinionyesha kibali.

Kuna atakayenitajia Wakaliwood. Sawa. Nabwana I.G.G. na majirani zake wa Wakaliga, Kampala, walitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, na msimulizi wao VJ Emmie anaongea juu ya kila kitu. Ile ni kelele inayojitangaza, haikudanganyi kwamba ni chumba. Na Robert Rodriguez, aliyetengeneza El Mariachi ya 1992 kwa dola 7,000 hivi, akimtumia rafiki yake Carlos Gallardo kama mwigizaji mkuu, alikuwa na kamera yenye mlio usiovumilika. Hakukimbilia piano. Baada ya shoti aliweka kamera pembeni, akasogeza maiki, waigizaji wakarudia maneno yao papo hapo. Midomo ilipoachana na sauti, alikata akaenda kwenye picha nyingine. Watu wakasifu kasi ya uhariri wake.

Enzi zetu za kanda za Mini DV, saa moja ya kanda ilikuwa fedha ya kuchangishana, basi tulifanya mazoezi mpaka jua linakuchwa na teki ya tatu ilikuwa anasa. Tena tulikuwa na masikio, kwa sababu tulilelewa kwenye vibanda vya video, tukifuata hadithi kwa sauti ya Lufufu, mtafsiri wa filamu, hata pale kichwa cha mtu mrefu kilipoziba skrini. Siku hizi kadi inameza teki ishirini, na hakuna hata mmoja aliyevaa hedifoni.

Kwa hiyo, waheshimiwa majaji, kabla ya kusimama kupiga makofi fumbeni macho kwenye mazungumzo ya kwanza, msikilize upenyo unaofuata swali. Kisha waiteni vijana, muwaombe faili la kimya. Walionalo watalitoa kwenye simu hapo hapo, limeandikwa namba ya sini. Wasionalo wataanza kuwaeleza habari za kamera.