Mahindi Tele, Watoto Wadumavu: Namna ya Kuuliza Sababu Rukwa

Rukwa ni mkoa unaolisha mikoa mingine. Mahindi na maharage ya Uwanda wa Ufipa hupakiwa Sumbawanga, Laela na Namanyere yakashuka Tunduma na kuendelea mbele. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta kwamba katika kila watoto 100 wa mkoa huu walio chini ya miaka mitano, 56 walikuwa wamedumaa. Hakuna mkoa uliozidi kiwango hicho, na wastani wa taifa ulikuwa 34. Utafiti wa 2022 ulikuta Rukwa imeshuka hadi karibu 50 na taifa limefika 30. Iringa, mkoa mwingine wenye chakula kingi, ndiyo iliyoongoza kwa udumavu safari hiyo.

Takwimu hizo hupatikana kwa kumpima mtoto urefu na kuulinganisha na umri wake. Kipimo ni kizuri, na bila hicho tusingejua ukubwa wa tatizo. Lakini ubao wa kupimia urefu hauwezi kueleza kwa nini nyumba yenye magunia darini ina mtoto mfupi kuliko umri wake. Je, mama anashinda shambani na mtoto anaachiwa dada wa miaka saba? Maharage na dagaa vinauzwa na nyumbani inabaki sembe? Uji unakuwa mwepesi kwa sababu ya mazoea, au kwa sababu bibi amesema mzito unamvimbisha mtoto tumbo? Kila jibu linadai hatua yake. Halmashauri ikihubiri mlo kamili mahali ambapo tatizo ni muda wa mama, itatumia fedha na watoto watabaki walivyo.

Njia mojawapo ya kufikia sababu hizo ni majadiliano ya vikundi: watu sita hadi kumi wenye hali inayofanana, mwezeshaji mmoja, mwandishi mmoja, kinasa sauti, na mwongozo wa maswali machache kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Njia hii hutajwa katika karibu kila ripoti ya mradi wa afya nchini, na mara nyingi hufanywa vibaya. Ndiyo maana inafaa tuipitie hatua kwa hatua.

Ilikotoka

Mwaka 1941, mwanasosholojia Robert Merton wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alialikwa na mwenzake Paul Lazarsfeld kutazama jaribio la redio. Wasikilizaji walibonyeza kitufe cha kijani walipopenda kipindi na chekundu walipochukizwa. Merton aliona kwamba vitufe vilionyesha mahali watu walipopenda au kuchukia, lakini waliowauliza sababu baadaye hawakuwa wakiuliza vizuri. Mwaka 1946 yeye na Patricia Kendall walichapisha makala iliyoweka misingi ya mahojiano ya aina hii.

Nusu karne baadaye, Jenny Kitzinger, aliyefanya utafiti kuhusu habari za UKIMWI huko Uingereza kwa vikundi 52 vyenye watu 351, alikazia jambo ambalo wengi walilipuuza. Thamani ya kikundi imo katika wanachoambiana washiriki wenyewe: mmoja anasema, mwingine anapinga, wa tatu anacheka, wa nne anakumbuka. Kama kila mtu anamjibu mwezeshaji na kunyamaza, hayo ni mahojiano ya watu wanane yaliyofanywa kwa haraka.

Mfano wa Lindi na Mtwara

Tanzania ina mfano mmoja unaoonyesha safari yote, kuanzia kikundi cha kijijini hadi mpango wa mikoa miwili na matokeo yake. Kati ya Machi 2005 na Aprili 2007, watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wakiongozwa na Mwifadhi Mrisho walifanya kazi katika vijiji vinane vya wilaya za Lindi Vijijini na Tandahimba. Walitaka kujua mtoto mchanga anatunzwaje nyumbani, ili mikakati ya kuokoa uhai wake ijengwe juu ya hali halisi. Walitumia majadiliano ya vikundi, mahojiano ya kina na ufuatiliaji wa visa vya kaya moja moja, wakipitia mtandao wa wanawake wa vijijini humo humo.

Walikuta familia zinajiandaa kwa uzazi, tofauti na lawama iliyozoeleka kwamba wanakijiji hawajali. Walikuta pia kwamba baadhi ya watoto hawakupewa dang'a, yale maziwa ya kwanza ya njano, kwa kuwa yalihesabiwa machafu. Na walikuta kwamba kitovu kiliaminika kumweka mtoto katika hatari ya uchawi, hivyo mama na mwana walikingwa kwa uangalifu mkubwa mpaka kitovu kidondoke. Dodoso lenye majibu ya ndiyo na hapana lingeweza kuhesabu akina mama waliokamua dang'a na kuimwaga. Lisingefikia kirahisi hofu ya kitovu, na hofu hiyo ndiyo inayoamua nani anaingia chumbani kwa mzazi siku zile za kwanza.

Utafiti mwingine wa timu hiyo, wa Machi 2007 hadi Januari 2008 katika wilaya zile zile, ulisikiliza wanawake na watoa huduma kuhusu kliniki. Wanawake walichelewa kuanza kliniki ya wajawazito ili wasilazimike kwenda mara nyingi. Walitaja hofu ya wanyama wakali njiani, ukosefu wa fedha, na hofu ya upasuaji iliyowafanya waikwepe hospitali. Huduma ya mama baada ya kujifungua ilikosekana kabisa. Hakuna hata moja kati ya sababu hizo inayotibika kwa bango lenye maneno "Wahi Kliniki".

Kisha ukaja mpango wa Mtunze Mtoto Mchanga. Mwaka 2010 wanawake 824 wa kujitolea walifundishwa kutembelea kaya mara tatu wakati wa ujauzito na mara mbili siku za mwanzo za mtoto. Kata 65 kati ya 132 za wilaya sita zilichaguliwa kwa bahati nasibu kupata mpango huo, na zilizobaki zikawa za kulinganishia. Mwaka 2013 kaya zipatazo 185,000 zilitembelewa ili kupima matokeo.

Tabia zilibadilika. Watoto waliopewa maziwa ya mama peke yake siku tatu za kwanza walikuwa asilimia 90 katika kata zenye mpango na 79 katika kata nyingine. Walionyonyeshwa mara tu baada ya kuzaliwa walikuwa 42 dhidi ya 35. Waliojifungulia kituoni walikuwa 82 dhidi ya 75, wakati mwaka 2007 eneo hilo lilikuwa na asilimia 41 tu. Lakini vifo vya watoto wachanga, vilivyoshuka katika eneo hilo kutoka 35.0 hadi 30.5 kwa kila vizazi hai 1,000, havikuonyesha tofauti iliyoletwa na mpango. Wataalamu wakiongozwa na Claudia Hanson walilichapisha hilo mwaka 2015 bila kulificha, na wanastahili heshima kwa uaminifu huo.

Nasoma mambo mawili katika matokeo hayo. La kwanza, mpango unaojua mama anaamini nini kuhusu dang'a huweza kubadili anachofanya. Tofauti ya pointi 11 za asilimia katika mikoa maskini, kwa kazi ya wanawake wa kujitolea, si ndogo. La pili, maneno yana mpaka. Mtoto aliyezaliwa amechoka anahitaji mkunga mwenye ujuzi, kifaa cha kumsaidia kupumua na gari la rufaa. Akina mama walikwenda kituoni kwa wingi, na hapo kituo ndicho kilichotakiwa kujibu. Tena, ni asilimia 41 tu ya wazazi wa kata zenye mpango waliotembelewa baada ya kujifungua. Mpango unaohitaji mgeni aingie nyumbani siku za kitovu lazima uwaulize wenyeji mapema nani anaruhusiwa kuingia, na jibu lao lifuatwe.

Kuitumia njia hiyo Ufipa

Kosa la kwanza la kukwepa ni kuuchukulia mkoa kama kijiji kimoja. Rukwa ina sehemu tatu zenye maisha tofauti. Juu uwandani, kwenye baridi, ni wakulima wa mahindi, maharage, ulezi na alizeti. Chini ya ukingo wa bonde, kuelekea Ziwa Rukwa, kuna joto, mpunga, na wafugaji wengi waliohamia, Wasukuma wakiwa miongoni mwao. Upande wa pili, Kirando hadi Kasanga, maisha yanaendeshwa na Ziwa Tanganyika. Samaki aliye chakula cha kila siku Kirando ni kitu cha kununua Laela. Kuwachanganya watu wa sehemu hizo katika kikundi kimoja ni kuyachanganya majibu.

Kosa la pili ni kuchanganya wenye sauti na wasio na sauti. Mama wa miaka 19 hatasema mbele ya mama mkwe wake kwamba ugomvi wa nyumbani ni nani ashike fedha za mahindi. Kwa hiyo vikundi viwe vya aina tatu: mama wenye watoto chini ya miaka miwili, wanawake wazee wanaolea wajukuu, na kina baba. Mwenyekiti wa kijiji na mtendaji waombwe ruhusa na kupewa heshima yao, lakini wasikae kikaoni. Muuguzi wa zahanati ya hapo asiwe mwezeshaji, kwa maana nani atamlaumu mtu atakayemchoma sindano mwanawe kesho?

Idadi nayo ina msingi wake. Mwaka 2017 Greg Guest na wenzake, wakichambua vikundi 40 vilivyofanywa Marekani, walikuta kwamba vikundi viwili hadi vitatu vya watu wa aina moja vilitoa zaidi ya asilimia 80 ya hoja zote, na vitatu hadi sita vilitoa asilimia 90. Kwa sehemu tatu na aina tatu za washiriki, Rukwa ingehitaji vikundi kati ya 18 na 27. Timu ndogo iliyoandaliwa inaweza kuimaliza kazi hiyo katika msimu mmoja wa kiangazi. Ifanyike baada ya mavuno, kwa kuwa kumwita mama kikaoni wakati wa palizi ni kumnyang'anya siku ya kazi. Lakini maswali yenyewe lazima yarudi kwenye miezi ya palizi, maana huko ndiko muda wa mama unakobanwa.

Hapo ndipo ufundi wa swali unapohitajika. "Je, mnawapa watoto mlo kamili?" ni swali bovu. Wamelisikia zahanati, wanajua jibu linalotakiwa, watalitoa. Swali lifunguke hivi: "Tusimulieni siku ya mama mwenye mtoto wa miezi minane wakati wa palizi, tangu alfajiri mpaka kulala. Mtoto anakula nini, saa ngapi, na kwa mkono wa nani?" Swali hilo halimshtaki mtu. Linazungumzia mama yeyote, hivyo mshiriki anaweza kusema ya kwake bila kujitaja. Wakianza kubishana kama uji wa asubuhi unatosha mpaka jioni, mwezeshaji anyamaze. Ubishi huo ndio data.

Lugha iwe ya washiriki. Penye wazee wanaojieleza vizuri zaidi kwa Kifipa, au wafugaji kwa Kisukuma, apatikane mwezeshaji anayeijua, na maneno yaandikwe kama yalivyosemwa kabla ya kutafsiriwa. Ridhaa iombwe, kibali cha maadili kipatikane, na washiriki waambiwe ukweli mmoja ambao watafiti huusahau: mtafiti anaweza kutunza siri, lakini hawezi kuahidi kwamba jirani aliyeketi kando ataitunza. Kwa hiyo mambo ya VVU, kipigo cha nyumbani au mimba ya mwanafunzi yapelekwe kwenye mahojiano ya mtu mmoja mmoja.

Uchambuzi uheshimu mpaka wa njia yenyewe. Kuandika "asilimia 70 ya vikundi walisema" ni kuvaa vazi la takwimu lisilotutosha. Kikundi hueleza aina za sababu na jinsi zinavyoshikana, na dodoso ndilo huhesabu sababu hizo zimeenea kiasi gani. Mchambuzi asome kurasa zote, aweke hoja katika makundi, kisha atafute kwa makusudi sauti inayopinga hoja yake. Mwisho, matokeo yarudi kijijini yakathibitishwe. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji ni mahali pazuri pa kuyasoma mbele ya wenyewe na kuuliza: tumewaelewa?

Nani abadilike

Waswahili wamesema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wakuu wa mikoa hutia saini mikataba ya lishe, halmashauri hutenga fedha kwa kila mtoto, na miradi kama Lishe Endelevu imepita Rukwa. Nia ipo. Kinachotakiwa ni kikao cha kikundi kisiwe pambo la ripoti iliyokwisha kuamuliwa. Kabla ya kikundi cha kwanza kuketi, timu ya afya ya halmashauri iandike ni uamuzi gani ulio wazi kubadilishwa na yatakayosemwa: saa za kliniki, kazi za wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ujumbe wa redio, malezi ya watoto wakati wa palizi, au fedha ya rufaa. Kama hakuna uamuzi ulio wazi, kikundi kisiitwe.

Lindi na Mtwara zimetuonyesha kwamba mama akisikilizwa hubadilika, na kwamba kituo kisipobadilika naye, vifo havishuki kwa juhudi zake pekee. Kwa hiyo watafiti, madiwani na waganga wakuu wa Sumbawanga, Nkasi na Kalambo, waulizeni mama wa Ufipa kwa heshima na kwa ufundi. Kisha bajeti ya mwaka unaofuata iwe na angalau mstari mmoja uliotoka midomoni mwao.