Sauti Iliyokwenda na Mwenyewe

Tarehe 24 Aprili 1839, katika kanisa la Notre-Dame-du-Mont mjini Marseille, watu walijaa hata pasibaki mahali pa kutia mguu, kwa kuwa habari ilikuwa imeenea kwamba Chopin, aliyekuwa akijiuguza mjini humo, angepiga kinanda katika ibada ya kumwombea marehemu Adolphe Nourrit, mwimbaji wa opera, ambaye jeneza lake lilikuwa safarini kutoka Napoli kwenda Paris. Viti vilikodishwa kwa santimu 50 kila kimoja, bei ambayo watu wa mji ule hawakuizoea, na waliolipa walikaa wakingoja ngurumo iliyolingana na fedha zao. Kinanda kilikuwa kibovu, sauti zake zikigombana. Chopin akaziacha zile kali, akachagua chache zilizobakiwa na upole, kisha akaupiga taratibu wimbo wa Schubert juu ya nyota, ambao marehemu alikuwa akiuimba katika uhai wake. Mwandishi George Sand, aliyekuwapo siku ile, aliandika katika barua yake kwamba umati haukuridhika. Kila nikumbukapo kisa hiki huingiwa na simanzi, maana mtu aliyelala ndani ya jeneza lile ndiye aliyevunjwa na tamaa ile ile ya kishindo, nayo haikuona haya kumfuata hata mbele ya maiti yake.

Nourrit alizaliwa Montpellier tarehe 3 Machi 1802. Baba yake, Louis, alikuwa na kazi mbili, kuimba katika Opera ya Paris na kuuza almasi, naye alimtakia mwanawe maisha ya biashara. Lakini damu haifichiki, kijana akaenda kujifunza kwa Manuel García, Mhispania yule ambaye Rossini alimtungia sehemu ya Almaviva. Mwaka 1821 alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza katika kazi ya Gluck, na mwaka 1826 akairithi nafasi ya baba yake ya tenori wa kwanza. Tangu hapo, kwa miaka kumi na moja, karibu kila opera kubwa iliyotungwa kwa jukwaa lile, iwe ya Rossini au Auber, ya Meyerbeer au Halévy, ilikatwa kwa kipimo cha koo lake.

Ufundi wake ulikuwa huu, kwamba sauti ilipopanda hadi pale ambapo kifua hakiwezi kuibeba ila kwa kuilazimisha, yeye hakuilazimisha, bali aliikabidhi kwa kichwa, ikawa nyembamba, nyororo na yenye nuru, kama mama ampokezaye mwenzake mtoto aliyelala, naye mtoto akahama mikono asiamke. Msikilizaji hakutakiwa ajue ni wapi kifua kimeachia na kichwa kimepokea. Mshono ukionekana, kazi imeharibika. Katika Guillaume Tell ya mwaka 1829, Rossini alimwandikia sehemu ya Arnold, ambayo noti zake za juu ni nyingi hata humtisha aisomaye tu, na aliziandika akijua kwamba zitapitishwa na mtu ambaye haendi vitani nazo.

Lakini jambo ninalolipenda kuliko yote katika aushi ya fundi huyu ni lile lililotokea ilipokuwa ikitungwa opera ya La Juive, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1835. Humo Nourrit alikuwa Éléazar, sonara wa Kiyahudi, ambaye amemlea binti wa watu kama mwanawe wa kumzaa, na sasa wote wawili wamehukumiwa kifo. Akifichua siri kwamba baba halisi wa binti ni kardinali, binti ataokoka, na akinyamaza, atakufa naye. Mtunzi Halévy na mwandishi Scribe walikuwa wamekusudia kuimaliza sehemu ya nne kwa kishindo cha kwaya. Nourrit hakukubali. Aliomba kwamba mahali hapo, ambapo kila mtu angetazamia kelele nyingi, mzee abaki peke yake na nafsi yake, aimbe pendo na kisasi vinavyomrarua ndani. Na walipomsikiliza, hakutosheka kuomba tuni, bali aliomba ruhusa ya kuyaandika maneno yeye mwenyewe.

Na kwa nini ayaandike yeye, hali Scribe alikuwa bingwa wa kazi hiyo? Halévy mwenyewe ameeleza: Nourrit alitaka kuchagua silabi zenye mlio mzuri kuliko zote, zile zinazolikubali koo lake. Naomba msomaji atue hapa kidogo. Mtu huyu aliyajua maneno kama fundi wa kanzu anavyoujua mwili wa amshoneaye, bega lipi limeinuka na mkono upi ni mrefu. Alijua irabu ipi humfungulia mlango na ipi humbana, konsonanti ipi huikata pumzi na ipi huiacha ipite kama upepo wa kusi tangani. Hakuiacha kazi hiyo kwa mwingine asiyeishi ndani ya koo lile. Wimbo ule wa mzee aliyekatikiwa njia umekuwa johari ya opera nzima, na hata leo wapo wanaoujua bila kuijua opera yenyewe. Mwaka 1836, katika opera ya Les Huguenots, ni kwa shauri lake Meyerbeer alitunga majibizano ya wapenzi yanayoifunga sehemu ya nne, ambayo yamesifiwa kupita yote mengine humo.

Ndipo akaja Gilbert Duprez, Mfaransa mwenzake aliyejifunzia Italia, ambaye huko Lucca, mwaka 1831, katika opera ile ile ya Guillaume Tell, aliitoa noti ya do ya juu kwa nguvu zote za kifua. Nourrit, aliposikia kwamba Opera imemwajiri Duprez washike nafasi moja pamoja, alijiuzulu. Akaliaga jukwaa tarehe 1 Aprili 1837, na tarehe 17 mwezi ule ule Duprez akaipiga do yake mbele ya watu wa Paris, wakarukwa na akili. Inasimuliwa kwamba Rossini aliifananisha na ukelele wa jogoo achinjwaye. Lakini nani anayemsikiliza mtungaji pale umati unaposhangilia? Simlaumu Duprez, kwani ujasiri wake ulikuwa wa kweli, na kwa nguvu zile alizozitoa aliliacha jukwaa kabla ya kutimiza miaka hamsini. Nawalaumu walioketi vitini, ambao kwa jioni moja walisahau ladha waliyofundishwa kwa miaka kumi na sita.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Nourrit alikwenda Napoli kwa mtunzi Donizetti, akiwa na umri wa miaka 36, aanze alifu upya, ajifunze sauti ambayo ulimwengu sasa uliitaka. Akajifunza kwa bidii na unyenyekevu, na siku alipoigeukia sauti yake ya kichwa akaikuta haipo. Mkewe, alipomfuata huko, alishtushwa na hali aliyoikuta. Opera ya Poliuto, ambayo Donizetti alikuwa akimwandalia, ilipigwa marufuku na mfalme wa huko, kwa kuwa ilimpandisha jukwaani shahidi wa Kikristo. Aliimba kazi nyingine na watu wakampigia makofi, lakini hakuyasadiki, kwani sikio lake lilikuwa hakimu asiyekubali hongo. Alfajiri ya tarehe 8 Machi 1839, baada ya kuimba katika tamasha la hisani, alijitupa kutoka juu ya nyumba alimokaa, akafariki. Alikuwa ametimiza miaka 37 siku tano kabla.

Edison hakuiunda mashine yake ya kunasa sauti hadi 1877, kwa hiyo hapana santuri wala utepe utakaotuonyesha jinsi mtoto yule alivyohamishwa mikono asiamke. Waimbaji wa Arnold wa siku zetu huitoa do ile kwa kifua, na anayethubutu kuipitisha kichwani huambiwa amepungukiwa. Sisi nasi tumezoea kuupima ustadi kwa ukubwa wa sauti, tukamwambia kila mwenye kipaji cha upole aongeze, aongeze tena, mpaka tumalize kile tulichomwendea; kisha tukikikosa, husema zama zimebadilika, kana kwamba zama zina mikono.

Maneno ya Éléazar yangalipo. Kila yanapoimbwa, irabu zile zilizochaguliwa moja moja hupita katika vinywa vya watu ambao pengine hawakuwahi kuambiwa ni nani aliyezichagua, nazo huwafaa kwa kadiri ya majaliwa yao. Kanzu imebaki, na mishono yake haijafumuka. Mwili iliokatiwa haupo.