Hongereni, Wafanya Usafi na Waokota Chupa wa Mlimani

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, husifiwa kwa wasomi wake. Leo sifa nazipeleka kwa wanaodamka kabla yao: wafanya usafi na waokota chupa.

Tangu Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania, lakini chupa za maji zipo tele. Mwokota chupa ni fundi. Humwaga maji yaliyosalia, hufungua kifuniko na kukiweka kando, kwa kuwa hicho ni plastiki ya aina nyingine, huyeyuka kwa joto tofauti. Chupa huuzwa kwa kilo, husagwa, na huweza kugeuzwa nyuzi za nguo. Kila kilo anayouza ni kilo isiyopakiwa kwenye lori la kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi.

Wanafunzi nao wana mchango: madesa, yaani maandishi ya masomo, yanayorithishwa mwaka hadi mwaka, karatasi inayoandikwa pande zote mbili, ndoo na godoro anavyoachiwa wa mwaka wa kwanza. Taka hupunguzwa hapo, kabla pipa halijaguswa.

Basi tuwatendee haki hawa mabingwa. Tuwape glavu na buti imara. Tutenganishe taka tangu chumbani, maana karatasi iliyomwagiwa mchuzi haina mnunuzi, ilhali mabaki ya chakula yakiwekwa peke yake ni mboji.

Hongereni sana. Mnastahili heshima ileile tunayompa mvaa joho.