Uchungu na Ufundi katika Kazi ya Käthe Kollwitz

Iko desturi miongoni mwa watazamaji wa sanaa ya kuyatafuta maisha ya msanii kwanza, kisha kuitazama kazi yake kama ushahidi wa maisha hayo. Msanii akiwa alipatwa na msiba, picha zake huhesabiwa kuwa machozi. Akiwa aliishi katika ufukara, huhesabiwa kuwa njaa. Desturi hii ni rahisi, na kwa sababu ya wepesi wake inapendwa. Lakini ina dhuluma ndani yake. Humpa msanii sifa ya kuteseka, jambo ambalo hakulichagua, na humnyima sifa ya kazi, jambo ambalo alilichagua kila siku alipoamka. Käthe Kollwitz, mchoraji na mchongaji wa Ujerumani, ni mmoja wa wasanii wa zama mpya walioonja sana dhuluma hii.

Maisha yake yanajulikana vema. Alizaliwa mwaka 1867 katika mji wa Königsberg. Mwaka 1891 aliolewa na Karl Kollwitz, daktari aliyewatibu wafanyakazi wa kaskazini ya Berlin, na wanawake waliomwendea daktari kwa maradhi aghalabu walimwendea mkewe pia kwa shida zao nyingine. Mwaka 1893 alitazama mchezo wa Gerhart Hauptmann juu ya maasi ya wafumaji wa Silesia. Kutokana na mchezo huo alitengeneza chapa 6, ambazo 3 zilichorwa juu ya jiwe na 3 zilichimbwa juu ya bamba la madini. Zilipoonyeshwa Berlin mwaka 1898 ilipendekezwa apewe nishani ya dhahabu, lakini Kaizari Wilhelm II alikataa. Alizaa wana wawili, Hans na Peter. Peter aliuawa vitani katika nchi ya Ubelgiji mwezi wa Oktoba 1914, umri wake miaka 18. Wasimuliaji wengi hufika hapa wakasema kwamba sasa ufunguo umepatikana: mama alifiwa na mwanawe, ndiyo maana alichora kina mama wafiwa.

Tarehe zinaukanusha ufunguo huo. Mwaka 1903, miaka 11 kabla ya msiba, Kollwitz alitengeneza chapa iitwayo *Mwanamke na Mtoto Aliyekufa*. Humo mama, uchi, ameketi na miguu aliyoikunja, amemkumbatia mtoto na kuuzamisha uso wake katika kifua chake kama mnyama anayenusa kiumbe chake. Hakuna pambo, hakuna chumba, hakuna mshumaa wala malaika. Ili kuipata picha hiyo msanii aliketi mbele ya kioo na kumpakata mwanawe mwenyewe, akajichora. Mtoto huyo alikuwa Peter, naye alikuwa hai, wa miaka 7. Rafiki yake wa siku nyingi alipoiona chapa hiyo alishtuka, akadhani mtoto amepatwa na jambo. Basi mkono wa msanii ulikuwa umekwisha kujua umbo la msiba kabla msiba wenyewe haujabisha hodi.

Mpinzani aweza kusema kwamba maisha yake yalikuwa yamekwisha kumfunza hilo, kwani ndugu yake mdogo, Benjamin, alikufa angali mchanga, na vifo vya watoto katika nyumba za wafanyakazi havikuwa habari ngeni. Hoja hii ni ya haki, lakini haifiki mbali. Wahenga walisema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Usemi huu ni wa kweli kabisa. Wazazi waliofiwa na wana wao katika vita vile ni mamilioni, na kila mmoja wao aliujua uchungu huo. Lakini kuujua uchungu ni jambo moja, na kuupa umbo ambalo mgeni ataweza kulitambua ni jambo jingine. La kwanza huja bila kuitwa. La pili hutafutwa, na huenda likachelewa sana. Hapana kazi ibainishayo tofauti hii kuliko ukumbusho ambao Kollwitz alimfanyia mwanawe.

Peter alikuwa hajatimiza umri wa kujiandikisha jeshini bila ya idhini ya baba. Baba alikataa. Mama ndiye aliyemsihi mumewe mpaka akakubali, na kijana akaenda, asirudi. Hivyo katika huzuni ya mama mlikuwa na mwiba mwingine. Mwezi wa Desemba 1914 alikwisha azimia kumjengea ukumbusho. Nia yake ya kwanza ilikuwa kumwonyesha kijana amelala chali, baba upande wa kichwa na mama upande wa miguu. Lau uchungu peke yake ungalitosha kuumba kazi, sanamu hiyo ingalikamilika katika mwaka ule, wakati jeraha lilipokuwa bichi. Haikukamilika. Msanii aliifanyia kazi, akaibomoa, akaianza tena, na mwaka 1919 akaiacha. Aliirudia katikati ya miaka ya 1920, akaenda Ubelgiji mwaka 1926 kulitazama kaburi, na sanamu za matale zikasimamishwa makaburini Roggevelde mwezi wa Julai 1932. Kati ya kifo na ukumbusho ilipita karibu miaka 18, umri uleule alioishi marehemu.

Jambo kubwa alilolifanya katika miaka hiyo ni kuondoa. Alimwondoa kijana. Waliobaki ni wazazi wawili waliopiga magoti, kila mmoja juu ya jiwe lake, na nafasi tupu katikati. Baba ameunyosha mgongo, mikono ameikaza kifuani kama mtu azuiaye kitu kisipasuke, na macho yake yanatazama mbele. Mama ameinama hata umbo lake limekuwa kama kifurushi, shuka limemfunika, na uso wake haumtazami mtu. Sura ni za Karl na Käthe wenyewe, lakini nguo hazina zama, wala hakuna bendera, upanga, msalaba au taji la ushindi. Hawagusani. Uchungu uleule umewapata wote wawili, na kila mmoja anaubeba peke yake. Katika nia ya kwanza maiti ya kijana ingalimwambia mtazamaji pa kulilia. Katika kazi iliyokamilika mtazamaji hana pa kutazama ila makaburi yenyewe. Miaka ya 1950 makaburi hayo yalihamishiwa Vladslo pamoja na sanamu, na leo wamelala huko askari zaidi ya 25,000, Peter miongoni mwao. Wazazi waliochongwa kwa ajili ya mmoja wamekuwa wazazi wa wote, na sababu ni kwamba mmoja huyo hakuchongwa.

Utafutaji huohuo waonekana katika chapa zake za ubao. Mwaka 1920, baada ya kuziona chapa za Ernst Barlach, alitambua kwamba mistari mingi na vivuli vyepesi vya bamba la madini vilikuwa vinasema maneno mengi mno. Ubao haukubali maneno mengi: palipochongwa huwa peupe, palipoachwa huwa peusi. Kwa ufundi huo alitoa mfululizo wa *Vita*, chapa 7, zilizokamilika miaka 1921 na 1922. Katika *Wazazi*, baba na mama wamekuwa donge moja jeusi, na jicho halitambui mara moja mkono huu ni wa nani. Ikumbukwe pia kwamba si kila kazi yake imefika hapo. Tangazo lake la mwaka 1924 la kukataa vita, lenye kijana aliyeinua mkono, lina nguvu ya mwito, lakini linaamuru, na mtazamaji hana kazi ila kukubali au kukataa. Huzuni yake ilikuwa ileile. Kilichopungua ni umbo.

Ushahidi wa mwisho unatoka mbali na Ujerumani. Mwaka 1931, huko China, mwandishi Rou Shi aliuawa na serikali pamoja na wenzake. Rafiki yake mkubwa, Lu Xun, hakuweza kusema wazi. Alichukua chapa ya kwanza ya *Vita*, iitwayo *Sadaka*, yenye mama anayemnyanyua mtoto wake mchanga kumtoa, akaichapisha katika jarida. Rou Shi alikuwa na mama kipofu. Msomaji aliyelifungua jarida lile hakuhitaji kujua kwamba Ujerumani palikuwa na kijana aitwaye Peter. Maisha ya msanii hayakuvuka bahari. Kazi ilivuka, ikabeba msiba wa mama mwingine, na vijana wachongaji wa chapa wa China wakajifunza kwayo.

Kinyume chake kilionekana Berlin mwaka 1993. Kollwitz alikuwa ameacha sanamu ndogo, kimo chake yapata sentimita 38, ya mama aliyemweka mwanawe maiti baina ya magoti yake. Serikali iliamuru ikuzwe kiasi cha mara 4 na kuwekwa katika jumba la Neue Wache kuwa ukumbusho wa taifa. Walikuwapo waliolalamika kwamba sanamu hiyo inawaweka waliouawa na waliowaua katika kilio kimoja. Lipo na lalamiko la ufundi. Sanamu ile ilipokuwa ndogo, mtazamaji alilazimika kuinama ili aione, na kwa kuinama alishiriki. Ilipokuzwa, uchungu ulibaki lakini kipimo kiliharibika. Waliofanya hivyo waliamini kwamba huzuni ndiyo kazi, na kwamba ikiongezwa ukubwa itaongezwa maana.

Mwaka 1942 mjukuu wake, aliyeitwa Peter kwa jina la ami yake, naye aliuawa vitani. Katika miaka hiyo Kollwitz alikamilisha chapa ya jiwe iliyokuwa ya mwisho, ambamo mama mzee amewafunika vijana watatu kwa mikono yake, nao wanachungulia nje kama watoto watakao kucheza. Alifariki Moritzburg tarehe 22 Aprili 1945, siku chache kabla ya vita kwisha. Mhakiki aliyesoma habari hizi hana budi kumhurumia, lakini huruma si uhakiki. Heshima inayomstahili Kollwitz ni kutazama alichokifanya kwa mkono wake: mstari alioukata, sanamu aliyoibomoa, na nafasi aliyoiacha tupu baina ya mawe mawili.